DHIS2, Masharti ya Kuunda na Kusimika
DHIS2 ni programu huria ya takwimu za afya, asili yake Chuo Kikuu cha Oslo, nayo ndiyo hupokea taarifa za MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, nchini Tanzania. Mtangulizi wake, aliyezaliwa Afrika Kusini, alifungamana na Microsoft Access, hivyo hakutoka nje ya Windows. Ilhali DHIS2, maadamu imeandikwa kwa Java, yasimikika aghalabu juu ya Linux, sharti iwepo hifadhidata ya PostgreSQL pamoja na kiongezi cha PostGIS, na atakaye kuiunda kutoka msimbo wake hana budi awe na Maven. Mzigo huo wote hubebwa na seva: karani wa Mbeya au Iringa, anayenakili daftari la zahanati ya milimani, hahitaji ila kivinjari, nayo ni fadhila kubwa mno; tena, hata mtandao ukikatika, programu ya simu za Android huzihifadhi takwimu hadi urejee.