Beit el Ajaib: Jumba la Sherehe Lililogeuka Ofisi

Beit el Ajaib ya Unguja, yaani Nyumba ya Maajabu, ilijengwa mwaka 1883 kwa amri ya Seyyid Barghash bin Said, iwe jumba la sherehe. Katika mashambulizi ya mizinga ya tarehe 27 Agosti 1896 jumba lilinusurika, lakini mnara uliokuwa mbele yake uliharibika. Matengenezo yaliyofuata ndiyo yaliyounganisha mnara wa saa na jumba lenyewe. Mwaka 1911 Waingereza wakalifanya ofisi za serikali, na baadaye likawa nyumba ya makumbusho.

Kazi zilibadilika, lakini kuta zilibaki zile zile za mawe ya matumbawe na chokaa. Ukuta wa namna hii, paa likivuja, hunyonya maji na kupoteza nguvu zake. Mji Mkongwe uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, wala heshima hiyo haikuziba paa. Mwaka 2012 sehemu ya roshani ilianguka. Hata tarehe 25 Desemba 2020, ukarabati ukiendelea, upande wa mbele pamoja na mnara ukaporomoka, na watu wawili wakafariki.

Basi mwenye kutengeneza jumba la kale na aanze na paa na ukuta, ndipo aulize litatumika kwa kazi gani.