Hoteli kongwe za biashara: Yanayomsubiri mgeni nyuma ya mapokezi

HOTELI ya wafanyabiashara haizeeki kama nyumba ya mtu binafsi. Nyumbani, bomba likivuja wenyewe huliona asubuhi na jioni, wakanung'unika hadi fundi aitwe. Hotelini, mgeni hulala usiku mmoja au mitatu, akaoga maji ya vuguvugu, akakunja shati lake na kwenda zake uwanja wa ndege. Anayemfuata huikuta kasoro ileile, naye huivumilia kwa sababu ana mkutano saa mbili asubuhi.

Isitoshe, aghalabu anayelala humo siye anayelipa. Chumba huwa kimewekwa na karani wa kampuni, wizara au shirika kwa bei iliyoafikiwa mapema, na ankara hupelekwa moja kwa moja kwa mhasibu. Mhasibu hajui kwamba lifti ilikwama. Mgeni naye haoni haja ya kugombana juu ya fedha zisizo zake. Ndiyo maana hoteli ya aina hii inaweza kuchakaa kwa miaka mingi huku vyumba vyake vikijaa kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi, na mwenyewe akaamini kwamba mambo ni shwari.

Jijini Nairobi, historia ya hoteli hizi inakaribia kulingana na ya jiji lenyewe. Stanley ilianzishwa mwaka wa 1902, miaka mitatu tu baada ya reli kufika na kambi ya wajenzi wake kugeuka mji. Norfolk ikafunguliwa mwaka wa 1904. Baada ya uhuru yakaja majengo marefu ya kisasa: Panafric mwaka wa 1965, kisha Hilton na InterContinental mwaka wa 1969. Hizo zilikuwa kama ofisi za pili za wakurugenzi, mawakili na wajumbe wa mikutano ya kimataifa. Madalali wa hisa walikuwa wakikutana Stanley na kuuziana hisa kwa kuaminiana, kabla ya soko la hisa kuwa na ukumbi wake. Wasafiri nao walibandika barua zao kwenye shina la mgunga uliosimama katika mkahawa wa hoteli hiyo, Thorn Tree, wakitumaini kwamba waliokusudiwa wangepita na kuzisoma.

Kisha biashara ikaanza kuhama. Ofisi kubwa zilielekea Westlands, Upper Hill na Gigiri, na hoteli mpya zikazifuata huko. InterContinental ilifunga milango yake mwaka wa 2020, mwaka ambao janga la Covid-19 liliwaacha wenye hoteli kote nchini wakihesabu vitanda vitupu. Hilton, mnara wa mviringo uliokuwa alama ya katikati ya jiji, ilitangaza Mei 2022 kwamba ingefungwa, na mwishoni mwa mwaka huo ikaaga baada ya miaka 53. Biashara hufa kwa sababu nyingi na si haki kudai kwamba uchakavu ndio uliozimaliza hoteli hizo mbili. Hata hivyo, kuondoka kwao kuliwakumbusha wenye hoteli waliosalia kwamba jina kubwa na umri havilipi mishahara.

Mgeni anayechagua hoteli kongwe hana wazimu. Huenda ikawa hatua chache tu kutoka mahakamani, benki au afisi za serikali, na hilo si jambo dogo katika jiji ambalo msongamano wa magari unaweza kumla mtu saa mbili. Vyumba vya zamani aghalabu ni vipana kuliko vya kisasa, na kuta zilizojengwa kwa mawe hazipitishi kila kikohozi cha jirani. Zaidi ya yote kuna wahudumu. Mpokezi aliyefanya kazi pahali pamoja kwa miaka 20 humkumbuka mgeni kwa jina, akajua kwamba hali nyama na kwamba hapendi chumba kilicho karibu na lifti. Hakuna ukarabati unaoweza kununua kumbukumbu kama hiyo, ingawa mara nyingi wafanyakazi hao ndio huwa wa kwanza kupunguzwa mapato yakishuka.

Tatizo ni kwamba fedha za ukarabati zikipatikana, huanzia panapoonekana. Sakafu ya mapokezi hutiwa marumaru, viti vikabadilishwa, maua yakapangwa. Baadaye hufuata vyumba, orofa moja baada ya nyingine, kazi inayoweza kuchukua miaka. Hivyo basi wageni wawili hulipa bei moja usiku mmoja, huyu akalala kwenye godoro jipya na yule kwenye zulia lenye harufu ya sigara za miaka ya themanini. Swali la maana kuliko yote ambalo msomaji anaweza kuuliza kabla ya kupokea ufunguo ni hili: orofa zipi zimekarabatiwa, na je, kuna chumba huko? Wapokezi wengi hujibu kweli wakiulizwa kwa adabu. Wasipoulizwa, hugawa vyumba jinsi kompyuta ilivyopanga.

Kinachorekebishwa mwisho kabisa ni kile kilichofichwa ukutani. Majengo mengi ya zamani yaliwekewa mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki. Zinki ikiisha, chuma hushika kutu kutoka ndani, njia ya maji ikawa nyembamba kama mshipa wa moyo uliojaa mafuta. Dalili zake mgeni huzijua hata kama hajui sababu: maji ya rangi ya chai asubuhi, mfereji unaokohoa kabla ya kutoa maji, nguvu ndogo katika orofa za juu, na maji ya moto yanayochukua dakika kumi kufika au yasiyofika kamwe.

Wengi huichukulia hali hiyo kuwa kero tu. Ukweli ni kwamba maji ya vuguvugu yaliyotuama bombani yanaweza kuua, na ulimwengu ulijifunza jambo hilo katika hoteli kongwe. Mnamo Julai 1976, wanajeshi wastaafu wa Marekani walifanya kongamano katika hoteli ya Bellevue-Stratford mjini Philadelphia, jengo la fahari lililofunguliwa mwaka wa 1904. Siku chache baada ya kurejea makwao wakaanza kuugua homa kali ya mapafu. Zaidi ya watu 200 waliugua, wakiwemo waliopita tu karibu na hoteli, na 34 wakafariki. Madaktari walihangaika kwa miezi. Ni Januari 1977 ambapo wanasayansi walimtambua mhalifu: bakteria iliyopewa jina Legionella kutokana na jina la chama cha wastaafu hao. Mtambo wa kupoza hewa wa hoteli ndio ulioshukiwa kuieneza. Hoteli yenyewe haikungoja jibu hilo, kwani wageni waliitoroka na ikafungwa Novemba 1976.

Bakteria hiyo hustawi katika maji yenye joto la kati ya nyuzi 20 na 45, hasa yaliyotulia kwenye mabomba yenye kutu na uchafu. Haimdhuru mtu kwa kunywa kama inavyomdhuru kwa kuvuta pumzi: matone madogo ya bafuni au ya mtambo wa hewa huibeba hadi mapafuni. Walio hatarini zaidi ni wenye umri wa zaidi ya miaka 50, wavutaji sigara na wenye kinga dhaifu, yaani kundi lilelile linalojaza hoteli za mikutano. Kinga yake inajulikana. Hoteli inapaswa kuhifadhi maji ya moto kwa nyuzi 60 au zaidi, na kufungulia maji katika vyumba visivyotumika badala ya kuyaacha yatuame. Kanuni hiyo ya pili ilipata uzito mpya mwaka wa 2020 na 2021, hoteli zilipofunguliwa tena baada ya kukaa tupu kwa sababu ya Covid-19.

Kwa upande wake, mgeni anayepewa chumba kinachoonekana kuwa hakijalaliwa kwa siku nyingi afungulie mifereji na bomba la kuogea kwa dakika chache huku akiwa nje ya bafu. Akipata homa na kikohozi kizito ndani ya wiki mbili baada ya safari, amweleze daktari kwamba alilala hotelini. Maelezo hayo madogo huweza kubadilisha dawa atakayopewa.

Umeme nao una historia yake. Chumba kilichochorwa miaka ya sitini kilikusudiwa mgeni mwenye taa ya kando ya kitanda, redio na pengine mashine ya kunyolea ndevu. Mgeni wa leo huja na simu mbili, kompyuta na kibao, kisha akaikuta soketi moja nyuma ya kabati. Suluhisho la hoteli nyingi ni kebo ya kurefushia umeme, ambayo huongezewa nyingine, na birika likachomekwa hapo hapo. Soketi yenye alama nyeusi au inayopata joto ni ya kuripotiwa, si ya kuzoewa. Kuhusu lifti, sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka wa 2007 inahitaji zikaguliwe na mkaguzi aliyeidhinishwa kila baada ya miezi sita.

Kelele za matatu na za vilabu vya usiku hazihitaji maelezo kwa yeyote aliyewahi kulala katikati ya jiji. Dawa yake ni chumba kinachotazama uani.

Jambo ambalo halipasi kufanyiwa mzaha ni moto. Februari 8, 1982, kabla ya mapambazuko, moto ulizuka katika orofa ya tisa ya Hotel New Japan, hoteli ya wafanyabiashara jijini Tokyo iliyokuwa imefunguliwa mwaka wa 1960. Mgeni alikuwa amevuta sigara kitandani. Watu 33 walifariki. Uchunguzi ulionyesha kwamba vifaa vya kunyunyiza maji ambavyo sheria ilihitaji havikuwa vimewekwa ipasavyo, na mfumo wa tahadhari haukufanya kazi. Mmiliki, aliyekuwa amepuuza maonyo ya idara ya zimamoto ili kuokoa gharama, alihukumiwa kifungo. Jambo la kutia uchungu ni kwamba kasoro hizo zilikuwa zikijulikana. Waliolala humo ndio hawakuambiwa.

Mtu hahitaji kuwa zimamoto ili kujikinga. Ahesabu milango kati ya chumba chake na ngazi ya dharura, kwa sababu moshi ukijaa ataipapasa gizani. Aifikie ngazi hiyo na kuusukuma mlango wake, maana katika majengo ya zamani si ajabu kuukuta umefungwa kwa kufuli ili kuzuia wezi, au ngazi imegeuzwa stoo ya magodoro. Hilo likitokea asingoje asubuhi. Ashuke mapokezi na kudai ufunguliwe, na ukikaa vivyo hivyo, ahame. Hakuna mkutano unaostahili kulaliwa juu ya mlango uliofungwa.

Je, nyota zinazopachikwa mlangoni hazimhakikishii mgeni usalama? Kwa kiasi. Kenya hupanga hoteli zake kwa vigezo vinavyotumiwa na nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, na kazi hiyo hufanywa na Mamlaka ya Kudhibiti Utalii iliyoundwa chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka wa 2011. Upangaji wa kwanza kwa vigezo hivyo ulianza mwaka wa 2015. Lakini nyota husema jinsi hoteli ilivyokuwa siku wakaguzi walipofika. Bomba hupasuka siku yoyote.

Penye uzito zaidi ni Katiba. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinampa mteja haki ya kupata huduma za kiwango kinachofaa, kupewa habari anazohitaji, kulindwa afya na usalama wake, na kulipwa fidia akipata hasara au jeraha kutokana na kasoro. Sheria ya kulinda wateja ya mwaka wa 2012 ikafafanua haki hizo. Aliyelipia chumba chenye maji ya moto na akakosa maji hayo haombi hisani anapodai abadilishiwe chumba au apunguziwe bei. Vilevile ana haki ya kuelezwa bei kamili kabla ya kutia saini, kwani ankara ya hoteli huweza kuongezewa kodi ya VAT ya asilimia 16, ada ya utalii ya asilimia 2 na malipo ya huduma, ilhali bei aliyotajiwa kwa simu haikuwa na lolote kati ya hayo.

Namna ya kulalamika huamua matokeo. Malalamiko yanayotolewa asubuhi ya kuondoka, huku teksi ikinguruma nje, huishia kwa pole na tabasamu. Yanayotolewa usiku huohuo, yakaandikwa katika daftari la mapokezi pamoja na saa, nambari ya chumba na jina la aliyeyapokea, humlazimu meneja wa zamu kuyashughulikia kwa kuwa mwenzake atayasoma asubuhi. Picha ya simu yenye tarehe husaidia. Na mhudumu asifokewe: yeye ndiye aliyeomba bomba hilo litengenezwe tangu mwaka jana.

Kisha mgeni amwandikie karani aliyemwekea chumba. Barua pepe ya mistari mitatu inatosha: maji hayakufika, soketi imeungua, mlango wa dharura una kufuli. Meneja anaweza kumpuuza mgeni mmoja aliyelala usiku mmoja. Kampuni inayolipia vyumba 40 kila mwezi humsikiliza kabla haijamaliza sentensi, na mkataba wake unapofika wakati wa kufanywa upya, mhasibu atakuwa na jambo la kuuliza kando ya bei.