Karani wa Daftari

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Kwetu sisi watengenezaji wa tovuti, daftari ni hifadhidata, na seva yake ndiyo karani. Miaka ya 2010, katika mashine pepe ninayofanyia majaribio, yaani kompyuta iliyo ndani ya kompyuta yangu, nilimwondoa karani aitwaye MySQL nikamweka MariaDB. Nilitoa nakala ya data yote katika faili moja, nikaondoa seva ya kwanza, nikaweka ya pili, kisha nikairudishia ile nakala. Tovuti zangu hazikutambua mabadiliko yoyote. Amri zilikuwa zile zile, na mlango wa mawasiliano ule ule, namba 3306.

Wepesi huo una historia. MySQL ilianza Uswidi mwaka 1995, kwa mikono ya Michael Widenius wa Ufini na wenzake, David Axmark na Allan Larsson. Widenius aliipa jina la binti yake, My. Mwaka 2008 kampuni yao ilinunuliwa na Sun Microsystems ya Marekani kwa dola bilioni 1 hivi. Mwaka 2009 Oracle, muuzaji mkubwa wa hifadhidata, ikatangaza kuinunua Sun, na Januari 2010 ikaimiliki. Widenius hakungoja. Alichukua programu ile ile akaiendeleza kwa jina la binti yake mdogo, Maria.

Aliwezaje kuchukua kitu kilichokwisha kuuzwa? Jibu limo katika leseni ya GPL, inayompa kila mtu haki ya kusoma programu, kuinakili, kuibadili na kuigawa, ilimradi naye awape wengine haki hiyo hiyo. Jina la MySQL lilikwenda na mnunuzi. Haki hiyo ilibaki kwa watu. Mwaka 2013 hata Wikipedia ilihamia MariaDB.

Hata hivyo, ndugu hawa wamezidi kuachana. MariaDB iliruka kutoka toleo la 5.5 hadi 10.0, na MySQL kutoka 5.7 hadi 8.0 mwaka 2018. Leo faili za mmoja huwezi kumkabidhi mwenzake hivi hivi. Huenda hata nakala ya maandishi ikahitaji kurekebishwa. Kwa hiyo zoezi la kuhama nalirudia mara kwa mara katika mashine pepe, nipate kujua kama daftari langu bado linahamishika.