Sifa na Deheni: Ujuzi Uliolinda Ngama za Majahazi

Jahazi la mbao huozea ndani kabla halijaozea nje. Chini kabisa, katika ngama, maji hutuama usiku na mchana: ya bahari yanayopenya kwenye maungio ya mbao, na ya mvua yanayoshuka kutoka juu. Chumvi huchelewesha kuoza. Maji ya mvua ndiyo huwa adui, hasa pembezoni mwa mataruma, yaani mbavu za chombo, ambako hewa haifiki. Kwa karne nyingi mabaharia wa Bahari ya Hindi walizilinda mbao zao kwa sifa, yaani mafuta ya maini ya papa. Wengi huyaona kuwa dawa ya wasio na kitu bora. Ushahidi unaonyesha kwamba yalichaguliwa kwa ujuzi.

Ibn Jubayr, msafiri wa Andalusia aliyevuka Bahari ya Shamu kutoka bandari ya Aydhab mwaka 1183, aliona vyombo vilivyoshonwa kwa kamba za nazi bila misumari, vikipakwa samli, mafuta ya nyonyo au ya papa. Alisema ya papa ndiyo bora, na akataja sababu: kuulainisha ubao, kwa kuwa bahari ile imejaa miamba. Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Chombo cha kushonwa, kama mtepe wa zamani wa visiwa vya Lamu, hujipinda mawimbini. Mpako mgumu hupasuka, na maji yakishaingia nyuma yake hayatoki. Mafuta huzama ndani ya ubao na kujipinda pamoja nao. Majahazi ya misumari nayo yaliendelea na sifa, huku pamba iliyolowekwa mafuta ikishindiliwa kwenye maungio kuwa kalafati. Nje, chini ya mstari wa maji, ilipakwa deheni, mchanganyiko wa shahamu na chokaa. Viwili hivyo hufanya aina ya sabuni isiyoyeyuka majini.

Marco Polo alividharau vyombo vya bandari ya Hormuz vilivyopakwa mafuta ya samaki, akisema vingi huzama. Lakini yeye mwenyewe aliandika kwamba vilipeleka farasi India, biashara ambayo hakuna mfanyabiashara angeiendesha kwa vyombo visivyoaminika kabisa. Pingamizi zito zaidi ni kwamba sifa hunuka na haidumu, ilhali rangi za kisasa hukaa miaka. Ni kweli, zikipakwa juu ya ubao mkavu. Ngama ya jahazi kuukuu haikauki, na rangi ngumu juu ya unyevu hufungia uozo na kuuficha. Sifa haikuhitaji kukwanguliwa: chombo kilipandishwa pwani wakati wa bamvua, maji yakipwa kikafuliwa, kikakaguliwa ubao kwa ubao, kisha mabaharia wakapaka wenyewe. Kule kurudia kulikolaumiwa ndiko kulikowalazimisha kuuona ubovu ungali mdogo. Anayetengeneza jahazi leo asiulize tu mpako utadumu miaka mingapi. Aulize pia kama utamruhusu kuuona ubao wake.