Wadeni wa Anga: Ada na Masihara ya Warukaji wa Mwavuli

Tarehe 20 Oktoba 1922, Luteni Harold Harris wa jeshi la Marekani alipokuwa akiijaribu ndege ya kivita juu ya mji wa Dayton, katika jimbo la Ohio, ndege hiyo ilishikwa na mtetemo mkali hata mbawa zake zikaanza kumeguka, naye, kwa kuwa hakubakiwa na hila nyingine, akajitupa nje, akaiacha iende zake kuanguka, na mwavuli wake ukamshusha juu ya chanja la mizabibu nyuma ya nyumba ya watu. Kisa hicho kiliwatia watu wachache wa mji huo, wakiwamo waandishi wa gazeti, wazo la kuunda chama cha wale waliookolewa na mwavuli. Na Leslie Irvin, ambaye mwaka 1919 alikuwa ameruka kwa mwavuli wa kufunguliwa kwa mkono katika uwanja wa McCook wa mji uo huo na kuvunjika kifundo cha mguu alipotua, akaahidi kumtunukia kila aliyeokoka kwa mwavuli wa kiwanda chake kipini kidogo cha dhahabu chenye umbo la kiwavi, kwa kuwa miavuli ya wakati ule ilishonwa kwa hariri, na hariri ni kazi ya kiwavi. Kipini hicho hakikununuliwa wala hakikuombwa kwa hisani. Mtu aliyeruka mara elfu kwa kujifurahisha hakukistahili, ilhali rubani mchanga aliyetoka ndani ya moto mara moja tu, bila kutaka, alikivaa maisha yake yote. Charles Lindbergh, kabla hajapata umashuhuri wa kuvuka bahari ya Atlantiki, alikuwa amekwisha kujiokoa hivyo zaidi ya mara moja, na vita vya pili vya dunia vilipokwisha wanachama wa Klabu ya Viwavi walikuwa wamepita 30,000.

Katika ada zote za watu wa mwavuli nizijuazo, hii ndiyo pekee inayomheshimu mtu bila kumtoza chochote. Nyingine zote zina sharti moja, nalo ni kwamba anayepata sifa hutozwa papo hapo, ama kwa mfuko wake, ama kwa ngozi yake, ama kwa kuchekwa mbele ya hadhara. Mgeni huona upuuzi mtupu. Mimi naona hekima ndani yake, kwa sababu mtu aliyeshuka kutoka mawinguni akiwa mzima huwa mwepesi wa kudhani kwamba alishuka kwa ustadi wake mwenyewe, na dhana hiyo imewaua wengi kuliko upepo.

Ukelele mashuhuri kuliko zote ulizaliwa kwa dhihaka. Katika majira ya joto ya mwaka 1940 jeshi la Marekani lilikusanya kikosi kidogo cha majaribio huko Fort Benning, jimbo la Georgia, chini ya Luteni William Ryder, askari wakiwa 48, wote wa kujitolea, ili ijulikane kama yamkini kuwashusha watu vitani kwa miavuli kwa makundi. Usiku wa kuamkia kuruka kwao kwa pamoja baadhi yao walikwenda kutazama filamu iliyomhusu Geronimo, yule jemadari wa Waapache. Na walipokuwa wakirejea kambini, koo zikiwa zimelainishwa kwa bia, wakamgeukia mwenzao Aubrey Eberhardt, askari wa kimo kirefu mno, wakamwambia kwamba kesho atashikwa na hofu hata asikumbuke jina lake mwenyewe. Akawajibu kuwa atawaonyesha: atakapotoka mlangoni mwa ndege atalitaja jina la Geronimo kwa sauti ambayo kila mtu ataisikia. Kesho yake akatimiza ahadi, na waliokuwa chini wakamsikia. Haukupita muda kikosi kizima kikawa kinalia jina hilo, na batalioni ya 501 iliyoundwa baada yao ikalitia katika nembo yake.

Siwezi kulipita jambo hili bila kusema neno. Geronimo alipigana na jeshi hilohilo kwa miaka mingi, akajisalimisha, na mwaka 1909 akafa huko Fort Sill akiwa bado mfungwa wao. Na miaka thelathini na kitu baadaye vijana wa jeshi lililomfunga wakawa wanaliita jina lake ili wapate moyo wa kutoka mlangoni. Sijui marehemu angecheka au angekasirika. Wakubwa wa jeshi, kwa upande wao, hawakuupenda sana ukelele huo, wakaamuru badala yake mrukaji ahesabu kwa sauti, elfu moja, elfu mbili, elfu tatu, ili akifika mwisho wa hesabu na mwavuli haujamshtua mabegani, ajue kwamba ni wakati wa kuukimbilia ule wa akiba. Amri hiyo ilikuwa ya busara, lakini ni ukelele uliobaki vinywani mwa watoto wanaoruka kutoka juu ya miti hata leo.

Hesabu hiyohiyo maofisa waliitumia katika tafrija yao. Ofisa aliyefuzu kuruka alisimamishwa mbele ya wenzake, akapewa bilauri iliyotengenezwa kwa ganda la kombora la mzinga, yenye vishikio vya kamba za kufungulia mwavuli, na ndani yake kinywaji kikali ambacho alitakiwa akimalize kabla ya hesabu kwisha. Akishindwa, huanza tena. Askari wa kawaida walikuwa na yao, mbaya zaidi: nishani ya mabawa iliyovuliwa vifungo vya nyuma, ikakandamizwa kwa ngumi kifuani mpaka sindano zikaingia mwilini. Mwaka 1997 televisheni ya Marekani ilionyesha picha za wanamaji wa Camp Lejeune wakitendeana hivyo, vijana wakilia kwa maumivu na wakubwa wao wakicheka, na taifa likafadhaika. Hapo ada ilikwisha kutoka katika mzaha ikawa ukatili. Warusi, ambao hawasifiwi kwa upole, walikuwa na adabu bora: anayeruka mara ya kwanza huinamishwa, akapigwa matakoni kwa furushi la mwavuli wa akiba, kila mtu akacheka pamoja naye, mambo yakaisha.

Vita vya pili vya dunia vilipokwisha, miavuli ya jeshi ikauzwa kwa bei nafuu, na raia wakaanza kuruka kwa starehe. Jacques-André Istel, mzaliwa wa Paris, alifungua mwaka 1959 huko Orange, katika jimbo la Massachusetts, kituo cha kwanza cha biashara cha namna hiyo Marekani, akataka mchezo uonekane wa watu nadhifu wenye nidhamu, na mwaka 1962 mashindano ya dunia yakafanyika hapohapo. Lakini upande wa pili wa nchi, California, walikusanyika watu wa tabia nyingine kabisa. Katika kiwanja cha Arvin, siku ya mwaka mpya wa 1965, Rod Pack, mtu wa michezo ya hatari katika filamu, alitoka ndani ya ndege bila mwavuli wowote, akamfikia hewani Bob Allen aliyekuwa na mwavuli wa ziada, akaupokea, akajifunga na kutua salama, na serikali ikaghadhibika. Mwaka huohuo, tarehe 17 Oktoba, hapohapo Arvin, watu wanane walishikana mikono hewani wakafanya duara kamili, wakipigwa picha na Bob Buquor. Mwaka uliofuata Buquor alizama baharini akiwa katika kazi ya filamu, na kwa ukumbusho wake Bill Newell akaanzisha beji ya Nyota, ambayo hupewa kila aliyeingia katika duara la watu wanane au zaidi, pamoja na namba ambayo haipewi mtu mwingine. Namba hiyo mtu huitaja kwa taadhima kama atajavyo nasaba yake.

Naam, na mtu akishaipata, hudaiwa kreti la bia. Hii ndiyo sheria kuu isiyoandikwa ya viwanja vyote: jambo lolote ufanyalo kwa mara ya kwanza, utalipia. Kuanguka huru kwa mara ya kwanza, kreti. Kuruka usiku kwa mara ya kwanza, kreti. Kuangusha kishikio cha kamba ya kufungulia, kreti, fauka ya bei ya kishikio chenyewe. Wajanja walijifunza kutolitamka neno "kwanza" mbele ya watu, maana lilipowaponyoka tu, kiwanja kizima kilipiga kelele za kudai. Anayetimiza kuruka mara 100 hubandikwa usoni sahani ya krimu, tena aghalabu na rafiki aliyejificha mpaka mwenyewe adhani wamesahau. Na wako walioiadhimisha mia hiyo kwa kuruka bila nguo, habari ambayo si ya kusimuliwa mbele ya wakwe.

Mwanagenzi naye alikuwa na mitihani yake ya ardhini. Alitumwa ghalani kuleta ndoo ya upepo wa rafadha, akazunguka kwa mafundi watatu, kila mmoja akimwelekeza kwa mwingine kwa uso mkavu. Mwingine alifungukiwa na mwavuli wake hewani akajiona amevikwa unga au karatasi za rangi zilizotiwa ndani na mikono ya rafiki. Mzaha huo wa mwisho wazee wengi waliukataza, nami naafikiana nao: chombo cha mtu hakiguswi.

Alipokufa mmoja wao, majivu yake yalichukuliwa juu na marafiki, yakamwagwa hewani wakati wanaanguka; kisha jioni waliokuwa wakimdai kreti walilinunua wenyewe.

Deni moja tu halikuwa na kicheko, nalo ni la fundi anayefunga mwavuli wa akiba. Yeye huukunja, huutia uzi mwekundu na lakiri ya risasi, huandika jina lake katika kadi, na mrukaji aliyelazimika kuutumia humpelekea chupa ya kinywaji kizuri. Wakati wa vita hivyo vya pili vya dunia, huko Ringway karibu na Manchester, walikofunzwa askari wa miavuli wa Uingereza, kazi ya ufungaji ilifanywa na wanawake wa jeshi la anga, na ukutani palikuwa na tangazo la kuwakumbusha kwamba uhai wa mtu umo katika kila mwavuli waufungao. Askari wa siku zile walikuwa na mzaha mmoja juu ya wafungaji, ambao umezunguka dunia nzima: ukiuliza itakuwaje mwavuli usipofunguka, utajibiwa kwamba urudishe tu, utapewa mwingine. Aliyerudi kulalamika hajapata kuonekana. Waliorudi wote walikuwa wameshika chupa.