Safu ya Lugha: Mchuuzi Si Mlanguzi

Mama anayenunua omena alfajiri ufuoni Dunga, akaianika, kisha akaiuza kwa gorogoro sokoni Kibuye, siku hizi naye huitwa mlanguzi. Anaonewa. Kulangua ni kununua bidhaa kwa wingi na kuziuza kwa bei ya kuumiza, hasa zinapoadimika. Tanzania neno hili lilivuma sana mwaka 1983, serikali ilipowasaka walanguzi na wahujumu uchumi. Humu Kenya vyombo vya habari vimelisukuma mbali zaidi: mlanguzi wa dawa za kulevya, mlanguzi wa binadamu. Kumbandika mama wa samaki jina hilo ni kumtia katika genge asilolijua.

Yeye ni mchuuzi. Mchuuzi hununua ili auze, na faida ni haki yake: amelipa nauli, amelipa ushuru wa soko, na mvua ikinyesha omena ikaoza, hasara ni yake peke yake. Dalali, neno lililotoka Kiarabu, huuza mali ya mwingine kwa ujira. Broka wa mjini ni ndugu yake.

Utata huja uvuvi wa omena unapofungwa, Aprili hadi Julai. Aliyekausha magunia yake Machi akayauza Mei kwa bei ya juu kidogo bado ni mchuuzi; amehifadhi, amesubiri. Akinunua omena yote ya ufuo makusudi wenzake wakose, kisha apandishe bei apendavyo, hapo mwiteni mlanguzi, nami nitawaunga mkono.