Chombo Bila Nahodha

Wahenga walisema kuwa manahodha wengi, chombo huenda mrama. Chombo kisicho na nahodha hata mmoja hawakukitaja, maana katika zama zao chombo cha namna hiyo kilikuwa mabaki ya ajali yaliyochukuliwa na mawimbi. Siku hizi vyombo visivyo na nahodha huchukua umma wa watu katika miji mikubwa, na historia yao ni ndefu kuliko inavyodhaniwa.

Kabla ya treni ilitangulia lifti. Katika majumba marefu ya New York lifti zilikuwa na watumishi wao, waliofunga milango, wakashika mikono ya mitambo, na kuzisimamisha sawasawa na sakafu. Lifti ya kubonyeza ilikuwa imekwisha kubuniwa, lakini watumishi walibaki. Mwezi wa Septemba, 1945, waligoma kwa maelfu, na mji uliozoea kufanya shughuli zake angani ukalazimika kupanda ngazi. Katika miaka iliyofuata lifti za kubonyeza zilienea, na kazi ile ikafifia mpaka ikakaribia kusahauliwa. Hofu ya abiria huisha kwa mazoea. Lakini mtambo hauletwi na ubora wake peke yake, bali huletwa pia na mvutano wa mwajiri na mwajiriwa.

Mwaka 1968 London ilifungua njia ya Victoria chini ya ardhi. Treni zake zilijiendesha kutoka stesheni hata stesheni, ila mtu alikaa mbele kufunga milango na kubonyeza vifungo vya kuondokea. Huko Kobe, Japani, mwaka 1981, mtu huyo naye aliondolewa. Mwaka 1983 ikafuata Lille, mji wa kaskazini ya Ufaransa, kwa mtambo uliotokana na kazi ya Profesa Robert Gabillard wa Chuo Kikuu cha mji huo, ili kuuunganisha na mji mpya wa Villeneuve d'Ascq.

Busara ya Lille ilikuwa katika hesabu. Mshahara wa dereva ni ule ule, achukue watu kumi au mia tano. Kwa hiyo wenye treni hupenda treni ndefu zipitazo mara chache. Dereva akiondoka, treni fupi ya mabehewa mawili yaweza kupita kila baada ya dakika moja hivi wakati wa msongamano, na stesheni nazo zikajengwa fupi kwa gharama ndogo. Ukingoni mwa jukwaa palijengwa ukuta wenye milango inayofunguka pamoja na milango ya treni, abiria asije akaanguka relini.

Paris ilifungua njia yake ya 14 kwa mtindo huo mwaka 1998. Kisha ikathubutu jambo zito zaidi: kuigeuza njia ya 1, iliyokuwa ikitumika tangu 1900, bila kuifunga kwa muda mrefu. Treni za kwanza zisizo na dereva zilipita humo mwaka 2011, na mwisho wa 2012 kazi ilikuwa imekwisha. Madereva hawakutupwa, walihamishiwa njia na kazi nyingine. Lakini Desemba 2019, wafanyakazi walipogoma kutetea malipo yao ya uzeeni na njia nyingi zikafungwa, njia za 1 na 14 ziliendelea kama kawaida. Kwa abiria ilikuwa faraja. Kwa mfanyakazi ilikuwa habari kwamba silaha yake imeanza kuwa butu.

Barabarani mambo yalikwenda kwa taabu. Mwaka 2004 magari 15 yalishindanishwa katika jangwa la Mojave, Marekani, katika safari ya zaidi ya kilometa 200. Hata lililotangulia halikufikisha kilometa 13. Mwaka uliofuata magari 5 yalimaliza safari. Mwaka 2018, mjini Tempe, gari la majaribio liliua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara usiku, hali msimamizi amekaa penye usukani. Hata hivyo, mwaka 2020 watu wa Phoenix walianza kupanda teksi zisizo na mtu mbele.

Tofauti ni dhahiri. Reli ya Lille imezungushiwa ukuta; barabara ni ya wote, pamoja na mtoto anayekimbilia mpira. Tena treni huchukua mamia, na teksi huchukua mmoja, au huzunguka tupu ikimtafuta, huku imekalia nafasi ile ile ya barabara. Mji uliosongwa na magari hautafunguka kwa kuondoa madereva ndani ya magari hayo hayo.

Wala nahodha hakutoweka. Amehamia katika chumba cha waangalizi, ambako watu wachache hutazama treni nyingi kwa mbali. Yafaa abiria wajue chumba hicho kiko mikononi mwa nani, na chombo kikienda mrama ni nani atakayejibu. Maana nahodha wa zamani alizama pamoja na abiria wake, na huyu wa sasa yuko pwani.